Baiskeli ya Mota Niliyoinunua kwa Mtani

S.L.P. 318,
Majengo, Mbeya.
14 Machi, 1977.

Mpendwa kaka yangu Yunusu,

Asalaam aleikum. Kwanza kabisa nakujulia hali wewe, wifi yangu Jaha na watoto wote. Mguu uliokuwa ukikusumbua umepoa? Na mikorosho imezaa, au bado mnailaumu mvua? Sisi huku Mbeya tupo, tunapumua. Mvua haijakatika na matope ya Majengo yanafika kwenye kifundo cha mguu, ila hayo si ya kukusimulia, uliyakanyaga mwenyewe ulipokuja kumzika baba.

Mama yupo. Usishtuke ukadhani barua hii imebeba msiba, haikubeba. Lakini ukimaliza kuisoma usiiweke juu ya kabati ukaisahau kama ile ya mwaka jana. Hii inataka jibu, na jibu lake si la maneno. Nisamehe kwa kuanza kwa ukali, unanijua nilivyo, na safari hii nimechoka hasa.

Unajua tangu kiharusi kimpige mama, upande wake wa kulia hauna kazi. Mimi ndiye namgeuza, namwosha, namlisha asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni nikirudi. Nilipokuwa nafanya kazi hospitali ya hapa mjini mambo yalikwenda, kwa sababu mchana niliweza kuchomoka, nikamwangalia mara moja, nikarudi wodini. Sasa tangu mwezi wa kumi na moja nimehamishiwa zahanati moja ya huko juu, njia ya Tukuyu, unapita Uyole halafu unapanda, unapanda mpaka masikio yanaziba. Walikuwa hawana mkunga hata mmoja. Nilipewa barua ya uhamisho siku ya Ijumaa, Jumatatu nikatakiwa niwe kule.

Kutoka mlangoni kwetu mpaka zahanati ni kama maili kumi na nne, na nusu ya njia hiyo ni mlima mtupu.

Najua utauliza kwa nini sikuhamia huko na mama. Nilihamia naye, kaka. Nilipewa chumba kizuri tu cha bati, lakini ukungu wa kule huingia ndani na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Juma halikuisha mama akabanwa kifua, midomo ikawa ya buluu, nikamteremsha mjini kwenye lori la viazi nikiwa nimemfunika kwa kila nguo niliyo nayo. Daktari aliniambia wazi kwamba nikimrudisha kule nitamzika. Na kazi siwezi kuiacha. Tangu mume wangu afariki, mshahara huo ndio unga, ndio mkaa, ndio dawa za mama. Kwa hiyo shida yangu ilikuwa moja tu: nipate cha kunipandisha asubuhi na kunirudisha jioni kila siku, ili nisipoteze kazi wala nisimwache mama alale peke yake.

Basi la Tukuyu lipo, lakini halina saa yake. Linaondoka likijaa, na likijaa linaondoka bila mimi. Malori ya ndizi hupanda matupu asubuhi, nikayapanda kwa muda, mpaka dereva mmoja akataka nauli ambayo mwanamke mwenye heshima zake halipi. Nikashuka katikati ya njia mvua ikininyeshea, nikamtukana yeye na lori lake mpaka walipopotea kwenye kona.

Nikasema basi, baiskeli. Zile nyeusi za kiume zina lile bomba la juu, na mimi na buibui langu nitalirukaje? Mwalimu mmoja wa kike aliniazima ya kwake. Unakumbuka ulivyonifundisha kuendesha nyuma ya msikiti, baba akakukaripia wewe badala ya mimi? Sikuwa nimesahau. Mpaka Uyole nilikwenda vizuri, watoto wakinishangilia. Mlima ulipoanza nikashuka nikaisukuma, na nilifika zahanati nimekauka. Siku hiyo kulikuwa na mama wa mimba ya kwanza. Nilimpokea mtoto wake kwa mikono iliyokuwa ikitetemeka, nikawa namwomba Mungu asiniponyoke. Nikaona hapana, nitakuja kuua mtu.

Ndipo niliposikia habari za baiskeli za mota. Sijui kama huko zimefika. Si pikipiki hasa. Ina pedali kama baiskeli, ila katikati ina mota ndogo na tangi dogo la petroli, na mbele yako iko wazi, haina bomba, mtu unakaa na nguo zako kama umekaa kitini. Wanasema petroli inanusa tu, hainywi. Nikasema hii ndiyo iliyoumbwa kwa ajili yangu.

Nikaambiwa Iringa kuna duka linazo. Siku ya mapumziko nikamwomba jirani yangu Kalista, yule dada wa Kihehe kutoka Ilula anayeuza nyanya hapa sokoni, anikalie na mama, nikapanda basi. Iringa nilizikuta kweli, mbili, zinang'aa. Mwenye duka alinitajia bei nikadhani ananiuzia na duka. Halafu akasema hata ningekuwa na hizo pesa, bila kibali haiuzwi. Nikashika usukani wake kidogo, nikabana breki, nikatoka.

Sasa sikiliza mambo ya Mungu. Tunarudi, basi likapasuka tairi Chimala. Abiria wakatawanyika kutafuta wali. Mimi nikaona chini ya paa la duka la mchele baiskeli ya mota imeegemezwa, ya kijani, imechubuka lakini nzima. Nikauliza ya nani, akaja mwanamume mrefu, rubega begani, anaitwa Shija. Msukuma, watu wa Shinyanga, wamehamia Usangu na ng'ombe wao. Alibadilishana na mtaalamu mmoja wa maji aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, Shija akampa fahali wawili. Akaitumia kuzungukia mifugo yake kule mbugani, sasa anataka kuiuza.

Kusikia tu ninavyoongea akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Uzaramo. Basi, imekwisha! Unajua sisi na Wasukuma, watani tangu enzi za misafara ya wapagazi. Palepale akaanza kuniita mtumwa wake, akasema Wazaramo tumezoea kulala kivulini tukingoja nazi iangukie mdomoni. Nikamwambia nyamaza wewe, mpagazi wa babu yangu, nani amekuruhusu kuongea mzigo haujafika. Watu wa basi wakatuzunguka wakicheka. Kaka, nilikuwa sijacheka namna ile tangu mama augue.

Nikamwambia nataka kuinunua, nakaa Mbeya, kazi yangu iko juu ya Uyole. Shija akanitazama, akatikisa kichwa, akasema:

"Mtani, usinunue hii. Imezaliwa Usangu hii, haijui mlima. Ukifika Uyole utaibeba wewe mgongoni, kama babu zangu walivyobeba mizigo ya babu zako."

Niliangua kicheko mpaka machozi. Nikamjibu kwamba ana wivu, hataki kuona Mzaramo akipita juu ya mashine huku yeye anafuata mikia ya ng'ombe. Tena kila alivyozidi kunikataza ndivyo nilivyozidi kuona kwamba mashine ni nzuri, maana mtani akiponda kitu ujue hataki ukipate. Akapunguza bei bila hata kuombwa. Nikarudi Mbeya, nikauza cherehani yangu, ile niliyokuwa nikishonea sare za watoto wa shule jioni, na pale ilipopungua nikaongeza hereni za harusi. Alirudia kunikataza siku niliyopeleka pesa, safari hii bila kucheka, nami nikacheka kwa niaba yetu wote wawili.

Ilikuja Mbeya juu ya basi imefungwa kamba. Siku ya kwanza niliiwasha hapa Majengo asubuhi, na huo ndio ulikuwa mwisho wa raha. Mama aliomba nimwegemeze dirishani aone. Nikazunguka mbele ya nyumba mara kadhaa, kuku wakiruka, wanawake wa mtaa wakisimama na ndoo zao. Nasikia baadaye walisema mjane wa Halfani ameota mbawa. Waseme. Mama alikuwa anacheka kwa ule upande unaoweza kucheka.

Mpaka Uyole ilikwenda kama imetumwa. Mlima ulipoanza ikapunguza mwendo, ikakohoa, ikawa inapiga kelele nyingi haiendi. Nikaisaidia kwa pedali. Ikapata moto, ikazima. Nikangoja ipoe, nikawasha, ikapanda hatua chache, ikazima tena. Na ile mashine, kaka, si nyepesi kama baiskeli. Niliisukuma mpaka juu kwa tope lile, nikafika jua limeshapanda, wagonjwa wamejaa barazani.

Sikukata tamaa hapohapo, usidhani. Nilijaribu kuondoka alfajiri wakati wa baridi. Nilijaribu kuacha mkoba wangu mzito kulekule zahanati. Nilijaribu kupanda kwa kukata kushoto na kulia kama mlevi. Fundi mmoja pale Uyole, Andendekisye, akaifungua yote na kuifunga, akasema mota haina ugonjwa wowote, ni ndogo tu. Akasema labda abadilishe gia ya nyuma, aweke kubwa, ingepanda polepole. Nikafurahi. Nikauliza gia hiyo inapatikana wapi. Akasema Nairobi. Na wewe unajua mpaka umefungwa tangu mwezi uliopita, hata sindano haivuki. Akaniambia pole mama, akakataa kupokea ujira wake, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Nikaipeleka Chimala nimrudishie Shija. Nilikuwa nimejaa hasira njia nzima, lakini nilipomwona sikujua nianzie wapi. Angekuwa mtu baki ningemtukana. Lakini yeye ni mtani, na matusi yote ninayoyajua nilishamtukana siku ile ya kwanza, tukicheka. Naye hakunicheka. Aliniambia kwamba mnunuzi mwingine angemficha, mimi aliniambia kweli tupu kwa sababu ni mtani wake, kisha akaniuliza angevaa uso gani ndipo nimwamini. Pesa zilishageuka kuwa ndama. Akanipa debe la mchele kama pole, akainua mashine mwenyewe akaipakia juu ya basi.

Iko hapa uani sasa. Nimeitangaza kuuza, kila anayekuja anauliza kama inapanda mlima, nami siwezi kusema uongo. Kuku ametaga kwenye kikapu chake cha mbele.

Nikarudi kwenye basi na malori na miguu. Nachelewa. Juma lililopita mama mmoja alifika zahanati asubuhi na mapema, mimi nilikuwa bado napanda, akajifungulia barazani kwenye saruji mikononi mwa mama mkwe wake. Mtoto alizaliwa na kitovu kimemzunguka shingo. Nilifika wameshamfunika. Mkubwa wangu, Bwana Sedekia, ni mtu mpole, hajawahi kunipandishia sauti. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akasema mwisho wa mwezi huu nihamie kule juu au niandike kuacha kazi, kwani yeye hataweza tena kuwatazama wale watu machoni. Sikubisha. Mimi pia siwezi kuwatazama.

Ningeweza kukuficha yote hayo, kaka, nikaendelea kuhangaika kivyangu kama nilivyozoea. Linalonifanya nikuandikie ni hili ninalokuja kulisema.

Mchana ninapokuwa kazini, Kalista hupita hapa kumpa mama uji na maji. Moyo wake ni mzuri kuliko wa ndugu wengi, na sikutaji wewe. Siku chache nyuma niliona midomo ya mama imepasuka, na mkojo wake wa jioni ni mchache, umekuwa mweusi kama chai. Mimi, mkunga mzima, nikadhani ni homa, nikaanza kumpa dawa za homa. Juzi Kalista akanijia jikoni, anasitasita, akaniuliza eti sisi Waislamu hufunga mpaka lini. Nikamwambia mwezi wa kufunga bado uko mbali. Akashangaa. Akasema mama yako hunifukuza na uji kila mchana, ananionyesha mbinguni kwa kidole na kusema amefunga, niwapelekee watoto wangu. Maji pia hagusi. Kalista ni Mkatoliki, akaona hiyo ni dini yetu, akaheshimu. Kwa majuma, kaka. Mimi nakuta kikombe kitupu, nadhani amekunywa.

Nikaingia chumbani. Nikamwuliza mama anafunga funga gani hii. Akageuzia uso ukutani. Unajua maneno yake siku hizi yanatoka yamekatikakatika, lakini haya yalitoka yote:

"Nikinywa, nitajilowesha. Na wewe uko mlimani. Nani atanigeuza?"

Kalista alishajitolea kumgeuza na kumbadilisha. Alipomfunua siku moja mama alifumba macho, machozi yakamtoka, akamshika mkono asiendelee. Hataki kuonwa na mtu ambaye hakumzaa yeye. Basi ameona bora akauke kutwa nzima mpaka nirudi. Nikichelewa basi, yeye anakaa na kiu. Nikisukuma lile lichuma mlimani, yeye yuko kitandani anasubiri tone la maji. Nililia mbele yake, kaka, kitu ambacho sijawahi, na yeye akawa ananibembeleza kwa ule mkono mmoja.

Sasa sina ujanja. Nikiacha kazi tutakufa njaa sote wawili. Nikihamia juu atakufa kwa kiu hapa au kwa baridi kule. Kwa hiyo nakuomba, Yunusu, uje umchukue mama. Uje na treni ya Tazara, ukate behewa la kulala, kwa basi hatafika. Uje kabla mwezi huu haujaisha.

Ninajua ninachokuomba. Mama alituambia sote wawili, siku ya arobaini ya baba, kwamba yeye Mbeya hatoki, atalala pembeni yake. Akipanda treni hiyo harudi tena, wala mimi sitapata ruhusa ya kuja kumwona kabla ya mwakani, na mwakani hayupo. Hilo silisemi kwa kukata tamaa, nalisema kwa kuwa ndiyo kazi yangu na nimeona wengi. Sijamwambia bado. Nilitaka uwepo wewe, kwa sababu nikimwambia peke yangu atakubali haraka, na sitaweza kuvumilia kumwona anavyokubali haraka.

Wifi Jaha, najua utasomewa barua hii. Wewe si mtoto wake wa kumzaa, naye atakuonea aibu kama anavyomwonea Kalista. Usimsemeshe sana mwanzoni. Zima taa, au funga dirisha, umfanyie kazi gizani mpaka akuzoee. Mgeuze mara kwa mara, mgongo wake ni mzima hadi leo, namshukuru Mungu. Chai anapenda ya tangawizi isiyo na sukari nyingi. Akikuambia amefunga, usimwamini.

Nisalimie mjomba Jumbe na watu wote wa Maneromango wanaotukumbuka. Kalista anawasalimu, anasema kamwene. Mwenyezi Mungu akuwezeshe safari, akufikishe kwetu salama na akurudishe salama na mzigo wako.

Mama naye anakusalimu sana. Nilimwambia leo nakuandikia, nikamwuliza anataka nikuambie nini. Amesema nikuambie hana shida yoyote, na kwamba usijisumbue kuja.

Mdogo wako akupendaye,

Mwamvita